Kabari ambayo haikuwepo

Katika banda lililo nyuma ya nyumba yetu, katika mji mmoja wa Midlands, katikati ya Uingereza, kuna kichwa cha treni chenye urefu wa mita mbili na nusu na uzito wa kilo 240. Si cha kuwekwa kabatini kikatazamwa. Kinatembea juu ya reli za chuma zilizoachana inchi saba na robo, yaani milimita 184, nacho huvuta mabehewa madogo ambayo abiria huyapanda kama mtu apandavyo farasi, mguu huku na mguu huku, watu wazima kwa watoto. Tumekijenga sisi wenyewe, mke na mume, kwa muda wa miaka minne, nyakati za usiku baada ya watoto kulala na siku za mapumziko. Tunawaandikia wasomaji wa ukurasa huu wa familia habari zake kwa sababu ndani yake palikuwa na kitu kilichokosekana, nasi tulisema kwamba kipo.

Tutasema "sisi" tangu mwanzo hadi mwisho, wala hatutabainisha ni nani kati yetu aliyetamka neno na ni nani aliyenyamaza. Jambo hilo tumekwisha kulijadili baina yetu, tena kwa maneno makali, na hatimaye tukaona kwamba masafa kati ya msemaji na mnyamavu si marefu kama kila mmoja wetu alivyopenda yawe.

Nchi hii ina desturi ya zamani ya vilabu vya wajenzi wa mashine ndogo. Wanachama wake aghalabu ni wazee waliostaafu viwandani, watu ambao mikono yao imezoea kerezo na tupa. Klabu huwa na njia yake ya reli inayozunguka kiwanja au bustani, na Jumapili za majira ya joto watu wa mtaani huruhusiwa kuingia na kupanda treni kwa mchango mdogo wa matengenezo. Sisi tuliingia siku moja kwa bahati, tukiikimbia mvua, na mtoto wetu wa kwanza, aliyekuwa na umri wa miaka mitano, akakataa kushuka. Tulirudi Jumapili iliyofuata, na nyingine, mpaka tukaulizwa kama twataka kujiunga. Wazee wale walitupokea vyema. Walipoona kwamba ukifika wakati wa Adhuhuri tunahangaika kutafuta mahali, walituondolea makopo ya rangi katika kona ya chumba cha zana, na kona ile ni yetu mpaka leo.

Baadhi ya jamaa zetu wa msikitini walituuliza kama huu si ufujaji wa mali na wakati. Swali lilikuwa la haki. Jibu letu lilikuwa kwamba watoto wamejifunza kugawanya kwa kuhesabu meno ya gia, na kwamba sisi wawili tumepata kitu cha kuzungumza jioni kisichokuwa bili. Hatujui kama liliwatosheleza.

Mwenye kutaka kujenga kichwa cha mvuke huhitaji boila, silinda na miaka mingi ya subira. Kwa hiyo wageni wa fani hii huanza na umbo la dizeli, ambalo kwa nje ni sanduku la bati na kwa ndani ni betri, mota na minyororo. Wenye mvuke hututania kwamba tunaendesha sanduku. Baba yetu, ambaye ni mzazi wa mmoja wetu na mkwe wa mwingine, na kwa watoto ni Babu, alitutetea. Yeye alikuwa fundi katika karakana ya reli mjini Tabora kwa zaidi ya miaka thelathini. Alianza enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, akaendelea na Shirika la Reli Tanzania baada ya Jumuiya kuvunjika mwaka 1977. Vichwa alivyovizoea kuliko vyote ni vile vya daraja la 88, vilivyotengenezwa Montreal, Kanada. Alitueleza kwa simu kwamba hata kichwa kile kikubwa hakisukumwi moja kwa moja na injini ya dizeli: injini huzungusha jenereta, jenereta hutoa umeme, na umeme ndio uendeshao mota zilizofungwa kwenye ekseli chini kabisa. "Basi ninyi hamkumdanganya mtu," alisema. "Mmeondoa injini tu, mkaweka betri." Alichotulaumu ni idadi ya ekseli. Kichwa cha 88 kina ekseli sita, nasi tuliweka nne ili kupunguza gharama. Katika hilo hajaturidhia.

Yatupasa sasa tueleze jinsi nguvu inavyotoka kwenye mota mpaka ikafika kwenye reli, maana kisa chetu kimekaa hapo.

Mshiko wa chuma juu ya chuma kikavu ni kama robo ya uzito. Kichwa cha kilo 240, ikiwa magurudumu yake yote yanavuta, huweza kuvuta kwa nguvu ya kilo 60 kabla hayajaanza kuteleza. Reli zikilowa au zikifunikwa na majani, kiasi hicho hushuka sana. Treni yetu ikijaa abiria ni kama tani moja, na mlima wa klabu hupanda mita moja katika kila mita 80. Tulikadiria kwamba tutahitaji zaidi kidogo ya kilo 30 kuupanda. Kwa hiyo tuliweka betri nne za risasi, nzito kweli kweli, katikati ya vile vigari viwili vya magurudumu vinavyobeba kichwa, ili uzito ugawanyike sawasawa. Mafundi wa magari huutoroka uzito, sisi tuliununua.

Mwendo wa juu tunaojiruhusu ni kilomita 10 kwa saa. Gurudumu letu lina kipenyo cha milimita 180, basi kwa mwendo huo huzunguka karibu mara 300 kwa dakika. Mota ni mbili, moja kwa kila kigari, za wati 750 kila moja, nazo huzunguka mara 1,500. Kwa hiyo mizunguko mitano ya mota lazima iwe mzunguko mmoja wa gurudumu. Tulifanya kama wafanyavyo wote wanaoanza: sproketi ya meno 10 kwenye mota, ya meno 50 kwenye ekseli, na mnyororo mmoja kati yao. Hesabu ilikuwa sahihi na mashine ilikuwa mbaya. Mnyororo haupindi kama kamba. Hupinda pingili kwa pingili, na sproketi yenye meno machache ni kama duara lenye pembe, hivyo mnyororo huvuta kwa kushtukashtuka, hupiga kelele na kuchakaa upesi. Mzee mmoja wa klabu alisema kwamba alitusikia kabla hajatuona. Tukavunja kazi ya miezi miwili, tukaweka shafti ya kati, tukapunguza mwendo kwa hatua mbili: meno 18 kwa 45, kisha 20 kwa 40. Kutoka ekseli ya kwanza, mnyororo mwingine ukaenda ekseli ya pili ya kigari kilekile, ili pasiwe na gurudumu lililo mzigo kwa wenzake.

Mnyororo una adabu zake. Ekseli zimekaa juu ya springi, na zikipanda na kushuka, masafa kati ya sproketi hubadilika kidogo. Lazima mnyororo uachiwe ulegevu, lakini ukizidi utaruka meno. Tulipokuwa tukihesabu pingili tulimkumbuka Nabii Daud (a.s.), ambaye Mwenyezi Mungu alimlainishia chuma na kumwamrisha kukadiria vyema pete za deraya. Tuliwasimulia watoto habari hizo hapohapo bandani, grisi ikiwa imetufika viwikoni. Tunalitaja hili kwa sababu tulisimulia kwa fahari, miezi michache tu kabla ya hayo yatakayofuata.

Tulishauriwa pia tusitumie gia ya parafujo, ijapokuwa hupunguza mwendo sana kwa hatua moja na huchukua nafasi ndogo. Katika gia za namna ile aghalabu mota huweza kulizungusha gurudumu, lakini gurudumu haliwezi kuizungusha mota. Umeme ukikatika ghafla, magurudumu hukwama na kuburutwa juu ya reli. Kwa mnyororo, gurudumu huizungusha mota bila shida, na hapo ndipo breki ilipo. Dereva akirudisha mkono wa mwendo, kidhibiti huigeuza mota kuwa jenereta. Umeme hurudi kwenye betri, na kazi ya kuuzalisha huizuia treni. Ni breki laini, ya kupendeza. Lakini nguvu ya kuzuia hupita njia ileile iliyopita nguvu ya kuvuta. Pakiwa na kiungo kimoja kilicholegea kati ya mota na reli, aliyekosa mvuto amekosa na breki.

Kiungo tunachokisema ni pale sproketi inapovaa ekseli. Njia iliyo sahihi ni kuchonga mfereji katika ekseli na mwingine ndani ya tundu la sproketi, kisha kuchomeka kipande cha chuma cha pembe nne, ambacho sisi tunakiita kabari, kikalala nusu huku na nusu kule. Kwa ekseli ya milimita 25 kama yetu, kabari huwa na upana wa milimita 8, na mfereji wa ekseli huwa na kina cha milimita 4. Njia ya mkato ni kutoboa shingo ya sproketi na kukaza skrubu mbili ndogo zinazoing'ata ekseli kwa ncha. Kifuniko kikisharudishwa, hakuna jicho linaloweza kuzitofautisha njia hizi mbili. Lakini hesabu hutofautisha. Kigari kikivuta kwa kilo 30 ukingoni mwa gurudumu, ambako ni milimita 90 kutoka katikati, nguvu hiyo kwenye uso wa ekseli, milimita kumi na mbili na nusu tu kutoka katikati, huwa zaidi ya kilo 200. Ncha mbili za skrubu ndizo zilizotakiwa kubeba hizo, mbele wakati wa kuvuta na nyuma wakati wa kuzuia, mbele na nyuma, siku nzima.

Tulizijua hesabu hizi. Chuma cha kabari tulikuwa tumekwisha kukinunua, kikakaa ndani ya kopo la maziwa juu ya rafu. Mfereji wa ekseli ungechongwa kwa mashine ya klabu. Ule wa ndani ya tundu huhitaji kisu maalumu chenye meno kinachosukumwa kwa jeki, na kisu cha klabu kilikuwa kimeazimwa na mwanachama mwingine. Kisha Ramadhani ikaingia, usiku ukawa wa tarawehe na daku. Tukakaza skrubu kwa muda, tukakubaliana kwamba mifereji tutaichonga baada ya Iddi. Iddi ikapita. Vifuniko vikafungwa, rangi ikapakwa, nasi tukawa hatutaki tena kuvifungua.

Klabu ilikuwa imekubali kuifungulia madrasa yetu njia ya reli Jumamosi itakayofuata Iddi ya kuchinja. Watoto sitini waliandikishwa. Kwa kuwa hakuna kichwa kinachoruhusiwa kuvuta abiria bila hati ya ukaguzi, tuliomba kikaguliwe, na mwanzoni mwa Mei mkaguzi akaja. Ni mzee mpole aliyetumia maisha yake katika kiwanda cha magari, mwenye kalamu mbili mfukoni. Alipima nafasi kati ya magurudumu, akajaribu swichi ya dharura, akafuata nyaya kwa kidole, akaulizia fyuzi. Kisha, bila kuinua uso kutoka kwenye karatasi yake, akauliza sproketi za ekseli zimefungwa kwa nini.

Mmoja wetu akasema: kwa kabari. Mwingine alikuwa ameshika tochi, na tochi haikutikisika. Mzee akaandika, akatia saini.

Tulirudi nyumbani bila kuzungumza. Kila mmoja alikuwa na hoja yake moyoni, na baadaye tuligundua kwamba hoja zilikuwa moja: kwamba huo haukuwa uongo kamili, kwani kabari zimekwisha kununuliwa.

Babu aliwasili kutoka Tabora mwishoni mwa mwezi huo. Kabla hajavua koti alitaka kuonyeshwa kichwa. Alikizunguka mara mbili, akahesabu ekseli kwa sauti, akaguna. Jumapili iliyotangulia Iddi, jioni, wageni wa klabu walipokwisha kuondoka, tukampandisha. Alikaa nyuma ya dereva, kanzu yake ameikunja magotini chini ya koti la baridi, watoto wawili wakamfuata, na mmoja wetu akakaa behewa la mwisho penye breki ya mkono. Manyunyu yalikuwa yameanza. Tulizunguka mara tatu kwa raha kubwa. Mara ya nne, tukiteremka kuelekea kituoni, dereva akarudisha mkono wa mwendo. Kichwa kikapunguza kidogo, halafu kikawa kama kilichoachiwa. Aliyekaa nyuma akavuta breki kwa mikono miwili. Tulisimama mita sita baada ya kituo, karibu na geti la mbao ambalo hufungwa jioni. Watoto walipiga kelele za furaha, wakidhani ndivyo ilivyopangwa.

"Reli zimelowa," mmoja wetu alisema. Mwingine akaafiki. Hiyo ilikuwa mara ya pili.

Asubuhi, baada ya sala ya Alfajiri, hatukumkuta Babu chumbani. Alikuwa bandani, amepiga magoti juu ya gunia, kiganja chake kimelala juu ya gurudumu la kigari cha nyuma, analisukuma mbele kidogo na kulirudisha. Kila aliporudisha pakatoka mlio mdogo.

"Hii inacheza," alisema.

"Ni mnyororo, Baba. Tumeuachia ulegevu kwa ajili ya springi."

"Mnyororo nausikia. Huu si mnyororo. Nipeni spana."

Tukafungua kifuniko. Skrubu zilikuwa zimelegea, na ekseli ilikuwa imechorwa duara linalong'aa pale ncha zake zilipokuwa zikizunguka na kukwaruza. Babu alilitazama duara lile kwa muda.

"Kabari iko wapi?"

Hatukujibu.

"Nani alikikagua?"

Tukamtajia.

"Aliwauliza?"

"Alituuliza, Baba."

"Mkamwambia nini?"

Kwa miaka yote ya ndoa yetu Babu hajawahi kutupandishia sauti, na siku hiyo pia hakuipandisha. Alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kwa kidole. "Wanangu," alisema, "jana mimi nilipanda na wajukuu zangu." Akaingia ndani kunywa chai.

Hatupendi wasomaji wadhani kwamba tulikwenda moja kwa moja kwenye simu. Tulibaki bandani mpaka karibu na Adhuhuri, tukibishana. Zilikuwa zimebaki siku tano. Mmoja alisema tuzikaze skrubu kwa gundi yake, tuendeshe polepole siku hiyo moja, kisha tuseme. Hoja hiyo haikudumu, kwa kuwa sote tulikuwa tumeliona lile geti la mbao. Iliyodumu ni hoja ya pili, nayo ilikuwa tamu: kama tungefanya kazi usiku na mchana, tungeweza kuzichonga kabari zote kabla ya Jumamosi. Karatasi ya mkaguzi ingekuwa kweli. Hakuna mtoto ambaye angedhurika, wala mzee yule asingejua kamwe kwamba palikuwa na wiki tano ambazo saini yake ilisimama juu ya maneno matupu. Tulikwisha kuanza kugawana kazi, nani akeshe na nani aombe ruhusa kazini, mlango ulipotoa sauti na tukamwona mtoto wetu mkubwa amesimama pale. Ana umri wa miaka kumi na miwili. Hatujui alikuwepo tangu lini. Aliuliza kama Jumamosi yeye atapanda treni yetu au ya wengine.

Tukapiga simu.

Mkaguzi alikuja jioni ileile. Alipiga magoti mahali palepale alipopiga Babu, akapitisha ukucha wa dole gumba juu ya lile duara. Wazee wale wawili hawakuwa na lugha ya pamoja zaidi ya maneno machache, lakini Babu alimshikia taa. Hakutukemea. Alisema tu kwamba mwanachama mgeni humwondoleshea vifuniko, na sisi hakutuondoleshea. Kisha akatoa hati, akaipiga mstari, akaandika tarehe.

Neno hilo la vifuniko lilituuma kuliko adhabu. Kamati ya klabu ilituzuia kuendesha abiria kwa miezi mitatu, jambo tulilolistahili. Lakini ikaamua pia kwamba kuanzia sasa kila mwanachama, awe mgeni au mkongwe, atafungua vifuniko vyote mbele ya mkaguzi. Ni kanuni nzuri, nasi tungeipigia kura kama tungekuwa na uso wa kuinua mkono. Wako watu katika klabu ile walioanza kujenga mashine kabla sisi hatujazaliwa, ambao hawajawahi kusema neno la uongo kuhusu kazi yao, na sasa hupoteza saa nzima kwa spana kwa ajili yetu. Sisi ndio Waislamu pekee pale. Hakuna aliyelitaja hilo hata mara moja. Tulilitaja sisi wenyewe, usiku, taa zimezimwa.

Siku ya madrasa ilifika. Klabu ilitoa vichwa viwili vya mvuke na kimoja cha dizeli cha mwanachama mwingine, na watoto wote sitini walipanda, wengine mara tano. Palikuwa na sambusa, palikuwa na foleni, palikuwa na mtoto aliyepoteza kiatu. Kichwa chetu kilikuwa nyumbani chini ya turubai. Mwalimu wa madrasa, tulipomweleza, aliuliza kama tungependa yeye awaambie watoto kwamba kimeharibika. Tulimwomba atuachie. Tukasimama mbele yao tukasema kwamba kichwa chetu hakikuwa salama na kwamba tulimwambia mkaguzi kuwa ni salama. Watoto walitutazama. Mmoja aliuliza kama tutafungwa jela. Tulipojibu kwamba hapana, alionekana kusikitika kidogo, kisha filimbi ikalia na wote wakakimbilia njia ya reli. Babu alipanda treni ya mvuke. Alisema inanuka kama waalimu wake.

Alikaa nasi mpaka Agosti, na miezi ile ndiyo tuliyojifunza kuchonga kabari. Kisu cha klabu tulikipata. Unakiingiza ndani ya tundu la sproketi, ukisaidiwa na kipande kinachokishika kisipinde, unakisukuma kwa jeki taratibu, unatoa, unaweka bati jembamba nyuma yake, unasukuma tena, na kila mara kinakula chuma kidogo zaidi mpaka mfereji ufikie kina chake. Hiyo ni sehemu rahisi. Ngumu ni kupiga tupa kabari yenyewe. Ikiwa nyembamba, itacheza na kuupanua mfereji siku baada ya siku. Ikiwa nene, mtu ataipiga kwa nyundo na kuipasua shingo ya sproketi. Babu alitaka iingie kwa kusukumwa na dole gumba hadi nusu, kisha imalizwe kwa nyundo ya mbao, pigo moja au mawili. Alizikataa tatu za kwanza. Ya nne aliitia mfukoni akatembea nayo siku mbili bila kusema neno, kisha akairudisha bandani na kuniambia, yaani kutuambia, tuichomeke.

Kigari cha mbele kilikuwa na skrubu bado, nazo zilikuwa zimekaza barabara. Palikuwa na siku ambayo tulijiuliza, kwa dakika chache, kama kina haja ya kuguswa. Tulikifungua. Mtoto wetu mkubwa ndiye aliyechonga kabari yake ya mwisho, akimtumia Babu picha kwa simu, kwani Babu alikuwa amekwisha kurudi Tabora. Jibu lilikuja saa sita usiku: pembe moja iko juu. Ilikuwa juu kweli.

Mwezi Septemba mkaguzi alikuja tena na kalamu zake mbili. Alipima nafasi kati ya magurudumu, akajaribu swichi, akafuata nyaya. Alipofika kwenye sproketi hakuuliza kitu. Sisi tulikuwa tumekwisha kuondoa kifuniko cha kigari cha nyuma, tukampa yeye tochi. Akachungulia kwa muda mrefu, akalisukuma gurudumu na kulirudisha kwa kiganja, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akaonyesha kigari cha mbele, ambacho kifuniko chake hushikwa na skrubu kumi na sita, mbili zikiwa chini ya tangi la mchanga. Mvua ilikuwa inaanza. Tukachukua spana, mmoja upande huu na mmoja upande ule, naye akasimama chini ya mwavuli akasubiri.